Tajiri anataka kikundi chetu cha taarab kipige kwenye klabu yake tu, tukubali?

Mpigakibodi_TMK

Wakuu habari zenu, naomba mawazo ya watu wanaozijua hizi kazi maana ndani ya kikundi tumeshagawanyika na jibu linatakiwa wiki ijayo.

Mimi napiga kibodi kwenye kikundi cha modern taarab hapa Dar, sio kikundi kikubwa na wengi wenu hamtakuwa mnakijua, ila tuna watu wetu wa Temeke na Mbagala ambao tukipiga lazima waje. Tunaishi hivi. Ukumbini kiingilio ni kidogo, mwenye ukumbi anachukua hela yote ya vinywaji sisi tunabaki na mlango, mlango ukishatoa gari la kubebea vyombo na fundi mitambo na mafuta ya jenereta kinachobaki ni nauli na chakula cha usiku. Hela yenyewe iko kwenye shughuli za kukodiwa (harusi, kicheni pati, singo) na kwenye tunzo. Tunzo kwetu nusu anabaki nayo mwimbaji aliyetunzwa, nusu inaingia kwenye kapu tunagawana wote mpaka waitikiaji. Kuna usiku kapu linatoka zuri kuliko mlango mara tatu, na kuna usiku mnaangaliana tu.

Sasa amekuja tajiri mmoja, jina namuwekea heshima yake, ana klabu ya wanachama, huingii kama hujaalikwa. Anataka tupige pale kila Alhamisi na baadhi ya Jumamosi. Atatulipa mshahara wa mwezi kila mtu, atanunua vyombo vipya, atashona sare. Masharti yake, tusipige ukumbi mwingine wowote wa Dar, shughuli ya mtu hatuchukui mpaka yeye apitishe, na wageni wake wasimtunze mwimbaji jukwaani sababu anasema ni fujo, haiendani na watu wa pale. Kwa maneno yake tukiwa adimu thamani yetu itapanda.

Mwimbaji wetu mkubwa anataka. Wapiga vyombo wengi wanataka, mshahara ni mshahara. Mimi moyo wangu unakataa ila kila nikisimama kwenye kikao kueleza nashindwa, naonekana nawazibia wenzangu riziki. Nisaidieni hoja, au kama nimekosea nielekezeni.

BintiMkunazini

Mwanangu salaam. Mimi ni mtu wa Unguja, taarab nimeikuta nyumbani, marehemu mama alikuwa mtu wa vikundi vya wanawake tangu kabla ya Mapinduzi, kwa hiyo nikuambie ninachokijua.

Huyo tajiri hajaelewa tunzo ni nini. Anadhani ni bakshishi, mtu kafurahi katoa hela. Tunzo haiko hivo. Nenda harusini ukae umtazame mwanamke mmoja tu. Hela anayo mkobani tangu nyumbani, na elfu kumi yake kaivunja noti za elfu elfu makusudi. Wimbo ukianza hanyanyuki. Anangoja lile beti lake, lile linalomsema jirani au mke mwenzie, likifika ndio anainuka, anakwenda kwa mwendo wa kucheza, pole pole, anatoa noti moja moja, na kila noti uso kaugeuza upande wa meza ya yule anayemkusudia. Mwimbaji analirudia beti. Ukumbi mzima ushajua. Na yule wa meza ya pili kama ana damu hatakaa, na yeye atanyanyuka na noti zake. Hapo ndipo kapu lenu linapojaa mwanangu. Anachokinunua yule mwanamke ni kuonekana anatoa, mbele ya watu wanaomjua.

Sasa nenda kwenye klabu ambayo watu wote wametoka daraja moja, hawana ugomvi wala utani baina yao, na tunzo imepigwa marufuku. Mtaimba, watakula, watakwenda zao. Wimbo hautakuwa na mwenyewe.

Sisi huku hizi habari za kujifungia si ngeni. Taarab yenyewe iliingilia ikulu, inasimuliwa Seyyid Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na kina Ikhwani Safaa walipoanza 1905 kilikuwa chama cha wanaume wanaojuana, wakiimba Kiarabu, mtu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, alisikilizia nje. Kisha akaja Siti binti Saad kutoka Fumba, mtoto wa maskini, akaimba kwa Kiswahili. Huyo alialikwa na masultani na matajiri wa mjini, akaenda na akalipwa, lakini nyumbani kwake Ng'ambo watu wa kawaida walikuwa wakikusanyika usiku kumsikiliza, na nyimbo zake zikabeba habari zao, mahakimu wala rushwa, wanawake waliodhulumiwa. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi, santuri zikaenea pwani nzima. Angelikubali kuwa wa majumba ya wakubwa peke yake, santuri zile angelizinunua nani?

Na sisi wanawake tulikuwa na vikundi vyetu, Nuru el-Uyuni, Sahib el-Ari, kila kimoja na wapenzi wake na sare zake na mashairi ya kurushiana. Kulikuwa na kujitenga ndani yake, usifikiri hakukuwa, hukuingia mle ovyo. Lakini kujitenga kule kulikuwa na upande wa pili wa kushindana nao. Klabu ya tajiri wenu inashindana na nani?

chukua_hela

Mi nitasema tofauti na najua nitapingwa.

Mkuu wewe ni mpiga kibodi, umezungumzia kapu, sawa, ila umewahi kujiuliza kwanini mwimbaji ana nusu yake halafu nyie wote kumi na kitu mnagombania nusu iliyobaki? Mimi nimepiga besi miaka mingi kwenye dansi na taarab, sijawahi kutunzwa mimi. Pedeshee anampita mpiga besi kama hayupo. Unasimama saa tano kamba zinakukata vidole, unarudi nyumbani saa kumi alfajiri na hela ya daladala, mwanao anadaiwa ada. Mshahara unaojua utaingia tarehe fulani ni heshima ambayo wanamuziki wengi wa nchi hii hawajawahi kuionja.

Halafu kuna jambo watu hawapendi kulisema. Tunzo kwa waimbaji wa kike ina upande mbaya. Wanawake wenzao wakitunza ni sawa, ila wanaume wanaokuja na mabunda kuna wanaoamini wameshanunua zaidi ya wimbo. Nimeona kwa macho yangu mtu kamtunza dada wa watu wiki tatu mfululizo, wiki ya nne anamsubiri kwenye gari nje ya ukumbi na anadai, tena kwa sauti, na meneja wa bendi anamwambia dada "kaongee nae vizuri ni mteja wetu". Yule dada aliacha muziki. Sauti ile mpaka leo nikiikumbuka naumia. Kwa hiyo tajiri akisema hakuna kutunzana mkononi mi sioni ni ubaya wote. Muulizeni mwimbaji wenu kwanini anataka kwenda, isije ikawa mnamuona anapenda hela kumbe anakimbia kitu.

Mpigakibodi_TMK

@chukua_hela aisee hilo la mwisho limenigusa. Sikuwahi kumuuliza. Leo jioni tuna mazoezi nitaongea nae.

mzee_wa_Amana

Wadogo zangu, mshahara kwa mwanamuziki Tanzania sio kitu kipya, tulikuwa nao, na ni vizuri tukumbushane ulikujaje na ulikwendaje.

NUTA Jazz ilianza 1964 ikiwa chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakaajiriwa, mwisho wa mwezi unasaini. Ikaja kuitwa JUWATA, baadaye OTTU, leo ndio Msondo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, Polisi walikuwa na yao, JKT walikuwa na yao, Bima Lee ya shirika la bima, Mlimani Park ilianzia kwenye kampuni ya usafiri na teksi ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la mkoa wa Dar. Mfadhili alikuwa umma. Chama na mashirika ndio walikuwa masultani wetu, na tukubali ukweli kwamba muziki mtamu kuliko wote uliowahi kupigwa mjini hapa ulitoka kwenye ule mpangilio, mtu hana wasiwasi wa kodi ya nyumba anakaa siku nzima anasuka solo.

Lakini vyombo vilikuwa vya shirika. Hapo ndipo kamba ilipokuwa. Ukikorofishana na uongozi unaacha gitaa pale pale unatoka mikono mitupu, hata kama gitaa lile ndilo lililokujulisha kwa watu. Na aliyekuwa na vyombo vyake alikuwa na nguvu ya kuvunja bendi za watu, si mnakumbuka 1985 tajiri Hugo Kisima alivyowachomoa wanamuziki wa Mlimani akiwemo Maalim Gurumo wakaenda OSS, yaani Orchestra Safari Sound yake. Watu waliona ni usaliti, mi naona walikuwa wafanyakazi waliofuata mshahara bora, tatizo ni kwamba wasingeweza kukaa popote bila mwenye vyombo.

Na mashirika yalipoanza kuyumba, ruzuku zikapungua, viwanda na taasisi zikauzwa, zile bendi nyingi zilikufa moja baada ya nyingine. Waliobaki ni waliokuwa na wapenzi wa kulipa mlangoni. Msondo na Sikinde (ndio hao hao Mlimani Park) zimebaki kwa sababu ile, zilikuwa na watu wanaobishana mitaani nani mkali, wa Ilala na wa Magomeni, wakaendelea kuja hata mwajiri alipokuwa hana uwezo tena.

Kwa hiyo kijana mimi sikukatazi mshahara. Swali langu kwako ni moja. Hivyo vyombo vipya anavyonunua vitakuwa vya nani, na vyombo vyenu vya zamani mtavipeleka wapi? Kama mnaviuza ndio mwisho wenu.

Kasapa243

Habari ndugu zangu, mimi ni mtu wa Lubumbashi ila nipo Dar huu mwaka wa nne sasa, niongeze ya kwetu.

Kwetu hii biashara inaitwa mabanga. Mwanamuziki anaimba mapenzi vizuri kabisa, katikati ya wimbo anataja jina, mfanyabiashara fulani wa Paris, mama fulani wa Brussels, mcheza mpira, mkurugenzi, mbunge. Kila jina lina bei, na bei inategemea nani anataja na mahali gani ndani ya wimbo, kutajwa mwanzo ambapo muziki umetulia sio sawa na kutajwa kwenye sebene ambapo majina yanapita mbio. Koffi, Werrason, JB Mpiana, wote wamefanya. Nyimbo za miaka ya tisini mwishoni mpaka elfu mbili na kitu ukizisikiliza unaweza kuandika orodha ya matajiri wa wakati ule. Kaseti na CD zilikuwa zinadurufiwa ovyo, hakimiliki hailipi, jina la mtu ndilo lililolipa studio. Ukiongeza na makampuni ya bia, Primus huku na Skol kule, wakigombania wasanii, ndio hesabu ya bendi ya watu thelathini ilivyokuwa inafungika.

Hapa Dar mlichukua pia, bendi za dansi zilikuwa zinataja mapedeshee usiku kucha, mnajua wenyewe.

Sasa dada wa Unguja kasema kitu cha kweli kabisa, mtu ananunua kuonekana mbele ya wengine. Jina langu likiimbwa kwenye chumba chenye marafiki zangu kumi ambao wananijua tayari nimepata nini? Nataka lisikike Matonge ya Kinshasa, lisikike mpaka kwenye saluni ya Château Rouge kule Paris ambako yule aliyenidharau ananyolewa. Tajiri wa Kongo hakumlipa mwanamuziki aliyefichwa, alimlipa yule ambaye kila mtu anamsikiliza.

Lakini nikwambie na hatari yake. Mfadhili wako akichukiwa na wewe unachukiwa. Wanamuziki wetu wakubwa waliimba majina ya viongozi wa serikali ya Kabila, wakati wa uchaguzi wakawapigia kampeni, matokeo yake Wakongo wa Ulaya wanaojiita combattants wakaamua hakuna mwanamuziki wa aina hiyo atakayepiga tena Paris wala Brussels. Matamasha yalifutwa mwaka baada ya mwaka. Fally Ipupa alipopiga Paris Februari 2020 moto uliwaka karibu na Gare de Lyon, pikipiki na magari yakaungua. Ndugu zangu, soko la Ulaya lililokuwa linalisha bendi zetu lilifungwa muda wote huo kwa sababu ya majina. Hata Franco mwenyewe, aliyemsifia Mobutu na akapata vyeo na kiwanda cha kufyatulia santuri, mwaka 1978 aliwekwa ndani kwa nyimbo zilizosemwa za matusi. Ukubwa wa mfadhili haukumkinga.

Kwa hiyo uliza huyo tajiri wenu ni mtu gani, amegombana na nani, na wanachama wa klabu yake ni kina nani. Mkiwa wake peke yake mtabeba na maadui zake.

likoni_wa_kaseti

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote, nyote mmesema vizuri, naongeza moja.

Huku kwetu taarab ya harusi ilikuwa mambo ya ndani haswa, upande wa wanawake mwanamume hatii mguu. Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, wamekula jasho lao kwenye harusi. Lakini kulikuwa na mtu na mashine yake ya kurekodi, na ile ile shughuli ya jana usiku unaikuta kaseti yake dukani kwa Mbwana Radio pale mjini, inauzwa kwa mtu yeyote, mpaka Lamu, mpaka Tanga. Mlango wa harusi umefungwa lakini sauti imetoka. Na ile kaseti ndiyo iliyomfanya mtu wa Maskati au Dubai aseme nikimuoza binti yangu nitamleta huyu huyu, tiketi ya ndege juu yangu. Hiyo ndiyo hela nono ya waimbaji wa pwani mpaka leo, kuitwa Ghuba na watu wenye asili ya huku.

Kwa hiyo mi nasema adimu iwe mwili wenu, sio sauti yenu. Tajiri akitaka awe wa pekee kuwaona Alhamisi, sawa, lakini nyimbo ziwekwe YouTube, na TikTok live mruhusiwe. Watoto wa sasa wanatunza kule kule kwa zile zawadi za kwenye simu, jina la aliyetoa linatokea kwenye skrini watu wote wanaliona, mwimbaji analisoma kwa sauti, mwingine anaona wivu anatoa kubwa zaidi. Ni mambo yale yale ya mama wa noti za elfu, ila kampuni inakata fungu kubwa kabla hujaishika.

BintiMkunazini

@likoni_wa_kaseti umesema kweli baba. Nami niongeze kuhusu wafadhili wa nje, maana huku Unguja tumewaona. Chuo chetu cha muziki pale Forodhani, DCMA, kilianza 2002, kimelea vijana wengi wa qanuni na udi na fidla, karibu chote kwa hela za wahisani. Wahisani walipopunguza, 2019 kilikaribia kufunga milango na walimu wakakaa bila mishahara. Tamasha la muziki la Sauti za Busara nalo mwaka 2016 halikufanyika, fedha hazikutosha. Hawa si watu wabaya wala si matajiri wa majivuno, ni wahisani wenye nia njema, na bado mkono mmoja ukijiondoa kila kitu kinatikisika. Sembuse mkono wa mtu mmoja mwenye klabu, akiugua, akifilisika, akichoka na taarab akapenda kitu kingine?

Mpigakibodi_TMK

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea kupata mambo mazito namna hii.

Nimeongea na dada yetu mwimbaji baada ya mazoezi. @chukua_hela ulikuwa sahihi, kuna mtu anamsumbua na amekuwa hasemi kwa sababu mtu huyo ndiye anayejaza kapu letu siku za Ijumaa. Kumbe kapu ninalolitetea mimi kwenye vikao ndilo linalomtesa mwenzangu. Tumekubaliana kuanzia wiki hii tunzo zote za wanaume zinapokelewa na kijana wetu mbele ya jukwaa, hakuna mwanaume anapanda, na meneja ameambiwa mbele ya kikundi kizima kwamba huyo mtu akifika nje kwenye gari sisi wote tunatoka na dada. Huyo mteja tukimkosa tumemkosa.

Kuhusu tajiri, kikao cha jana kimekubali turudi kwake na mapendekezo. Alhamisi ni zake peke yake na Dar nzima hatupigi siku hiyo. Jumamosi moja kwa mwezi yake. Siku zilizobaki kumbi za Temeke na shughuli za watu ni zetu bila kumuomba ruhusa. Nyimbo mpya tunazitoa sisi na jina la klabu yake tutalitaja akitaka, kwa bei. Vyombo vyetu vya zamani haviuzwi. Vipya, kama ni vyake viandikwe ni vyake na sisi tunavitumia pale pale klabuni tu, hatutaki kuzoea kitu ambacho siku moja tutaambiwa tukiache.

Swali limebaki moja, mshahara. Kwa masharti haya atapunguza, hilo najua. Kiwango gani tusishuke chini yake?

mzee_wa_Amana

Usianze na kiwango. Andika miezi mitatu iliyopita mlango ulitoa ngapi, shughuli ngapi, kapu ngapi, toa matumizi, gawanya kwa watu, na usikubali mtu kwenye kikao akutajie usiku ule mmoja mzuri kana kwamba ndio wastani. Alhamisi zake pamoja na ile Jumamosi zikimpa mpiga besi walau nusu ya ile hesabu yake ya mwezi, sainini. Chini ya hapo msisaini, na mkataba uwe na miezi mitatu ya taarifa kwa pande zote mbili, uandikwe na mtu wa sheria, sio na karani wake.

chukua_hela

Na jina la kila mpiga chombo liwe ndani ya mkataba, na hela ya kila mmoja iingie kwenye simu yake mwenyewe, isipitie kwa meneja wala kwa mwimbaji. Hilo msilegeze hata kidogo.